Mkungu wa Marehemu

Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi, na kama ana mimba eda yake huisha anapojifungua. Wafiwa wengine hawapewi hata muda huo. Mwanamke akifiwa na baba, kaka au mtoto, kuacha manukato na mapambo kwa ajili ya msiba mwisho wake siku tatu. Ummu Habiba, mke wa Mtume, alipofiwa na baba yake Abu Sufyan, siku ya tatu aliagiza manukato, akajipaka, akasema hana haja nayo ila amemsikia Mtume akiuweka mpaka huo. Habari hii nilisimuliwa darsani nikiwa msichana na mpaka leo sijaichoka, kwa sababu yule mama hakudai kwamba huzuni imemtoka. Alijipaka nayo ikiwa bado ipo.

Binadamu, basi, kawekewa mpaka. Ua haukuwekewa. Ua wa nyumba yetu hapa Ngamiani, Tanga, uliingia msibani siku aliyozikwa baba na haukutoka tena. Mama alimaliza eda yake, akaoga, akavaa kanga mpya, akarudi sokoni na kwenye arusi za watu, lakini uani hakurudi. Jiko lilihamishiwa chumba cha mwisho cha ndani, maji yakavutwa kwa bomba mpaka karibu na ukumbi, na mlango wa uani ukawa unafunguliwa kwa kutupa maganda tu.

Baba alikuwa karani wa reli. Mkungu ulioko kwenye pembe ya uchochoroni aliupanda yeye, mwembe aliukuta. Asumini, mrehani na mlangilangi vilikuwa vya mama, maana mwanamke wa mji huu hutaka vya kutungia kikuba karibu na mkono wake, si vya kununua kwa mafungu. Vyote vilimezwa. Mlangilangi ulikwenda juu hadi maua yake yakawa ya kunguru peke yao, asumini ikalala juu ya karo la kufulia kama godoro lililoanikwa na kusahauliwa. Kisha kaka yangu mkubwa, alipokuja kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya khitma, akawakuta watoto wa mtaa wameparamia ukuta wanaokota kungu. Alinunua kufuli akalipiga kwenye mlango wa uchochoroni, na juu ya ukuta akapandikiza vipande vya chupa kwenye saruji mbichi.

Nilipostaafu kufundisha hisabati nikarudi kukaa na mama, kila mgeni aliyechungulia uani alitoa hukumu moja kati ya mbili. Wengine waliona aibu: nyumba ya Mwislamu haiwi pori, nyoka watazaana, usafi ni sehemu ya imani. Wengine, hasa shangazi zangu, waliona wema: acheni kama marehemu alivyoacha, kila jani lile ni kumbukumbu yake. Nilisikiliza pande zote mbili kwa muda mrefu, na kadiri nilivyosikiliza ndivyo nilivyozidi kuona kwamba wote wanazungumzia majani. Mimi nilitaka kujua jambo jingine. Mtu anapokufa akaacha mti, ule mti unakuwa na haki gani, na nani mwenye haki juu yake? Mali yake tumeirithi, hilo halina ubishi. Lakini mti una kitu ambacho baiskeli ya marehemu haina: unaendelea kutoa.

Binti niliyemwita kutusaidia ni mbunifu wa mandhari, amesomea kazi hiyo Chuo Kikuu Ardhi. Mama alimwita fundi wa maua tangu siku ya kwanza, na yeye hakumsahihisha. Nilidhani atakuja na picha za bustani za hotelini. Alikuja na futi, penseli na koleo. Alifika asubuhi, akaja tena adhuhuri, akaja tena alasiri, kila mara akichora kwenye karatasi yake kivuli cha mwembe kimelala wapi. Alimuuliza mama mvua ya kusi hupiga ukuta upi, na kaskazi ikivuma vumbi huingilia wapi, maswali ambayo mama aliyajibu kwa raha ya mtu aliyekaa miaka bila kuulizwa kitu anachokijua. Alichimba shimo la kina cha goti, akalijaza maji, akayaacha yanywewe, akalijaza tena na kukaa kando akitazama saa. Maji yalishuka upesi. Chini ya udongo mwekundu tuna mawe ya tumbawe, na kitu kikipandwa hapa bila mboji ya kutosha kitakuwa kinanyweshewa bure.

Alipomaliza vipimo aliniuliza, "Mwalimu, nani anapita hapa?"

Nikamwambia hapiti mtu, mlango una kufuli.

"Njoo uone."

Nyuma ya mlangilangi, kwenye ukuta, palikuwa na sehemu ambayo vipande vya chupa vilikuwa vimegongwa-gongwa hadi vikawa butu, na juu yake gunia limekunjwa mara mbili. Kutoka hapo kijia kilishuka. Upana wake ni wa unyayo mmoja, udongo wake umeshindiliwa ukang'aa, hauna hata jani moja, na hakikwenda kwenye mwembe kama nilivyotegemea. Kilipinda karo la kufulia kikaenda moja kwa moja kwenye shina la mkungu. Mwisho wake palikuwa na mawe mawili: moja bapa lenye kidimbwi katikati, kilichochimbika kwa kugongewa, na jingine la mviringo, la kushika mkononi, jeusi kwa utomvu. Pembeni yake lundo la maganda ya kungu, mengine makavu ya kijivu, mengine ya jana yake.

Watoto hawakuacha kuja. Kufuli lilimzuia mama.

Yule binti alisema darasani walifundishwa kutochora njia kabla ya kuona watu wanapita wapi, kwa sababu njia ya mchoraji ikipishana na njia ya miguu, miguu hushinda. Niliyapokea maneno hayo kama mtu wa hisabati, nikiyaona ni kanuni ya kazi. Yaligeuka kuwa zaidi ya hapo siku kijana wa kufyeka alipokuja na panga lake.

Mama alitoka siku hiyo. Alitoka na bakora, akaketi kwenye kiti alichowekewa mlangoni, na kabla kijana hajaangusha panga akamwita.

"Mwanangu, hapo ulipo pana mchunga. Rudi nyuma. Huo kushoto kwako ni mnavu. Na hilo unalolikanyaga ni tako la hasani."

"Bibi, si majani haya?"

"Majani kwako. Mimi chakula changu cha usiku."

Kijana alicheka, ikabidi aweke panga chini aanze kuchuma. Kikapu kilijaa. Usiku tulikula mchunga na ugali, mchungu kama unavyopaswa kuwa, na mama alisema hajala mchunga wa nyumbani tangu baba alipokuwa hai. Ulikuwa unaota hatua chache kutoka mlangoni pake miaka yote hiyo.

Sasa nirudi kwenye mti. Kuna hadithi mashuhuri, iko kwa Bukhari na Muslim, kwamba Mwislamu akipanda mti au akiotesha mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Waumini wengi wanaijua hiyo. Muslim ana mapokezi mengine, ya Jabir, yanayokwenda mbali zaidi: hata kinachoibwa humo ni sadaka ya aliyepanda. Nilipokuwa mdogo nililiona jambo hilo la ajabu kidogo, kana kwamba sheria inampa mwizi udhuru. Haimpi. Mwizi ana hesabu yake. Ila mpandaji hapunguziwi chochote kwa sababu ya njia ambayo tunda lake lilipita.

Zingatia hadithi hiyo mbele ya mkungu wetu. Popo waliujia kila jioni msimu wa kungu, wakala nyama ya nje na kudondosha kokwa; watoto wakaziokota zile kokwa na kuzivunja kwa mawe yao mawili. Popo kala, mtoto kala. Kama hadithi ni kweli, na mimi naiamini, basi daftari la baba halikufungwa hata siku moja, na shangazi zangu waliokuwa wakilinda kumbukumbu yake kwa kutogusa jani hawakumwongezea wala hawakumpunguzia. Wala wale walioona aibu. Miaka yote tuliyokuwa tukisikitika kwamba ua wa marehemu umekufa, ua wenyewe ulikuwa kazini.

Hapa mtu atasema: kama ni hivyo, fundi wa maua wa nini? Uacheni kabisa, popo na watoto wanatosha. Hoja hii si nyepesi, na nilikaa nayo. Jibu nililolipata liko katika habari nyingine, ya Samura bin Jundub, iliyoko katika Sunan Abi Daud. Samura alikuwa na mitende yake ndani ya kitalu cha Ansari mmoja aliyekuwa akiishi humo na ahali zake, akawa anaingia kuiendea hata akawaudhi. Mtume alimtaka auze, akakataa. Akamtaka abadilishane, akakataa. Akamwambia atoe kwa hiari na atapata malipo, akakataa. Mtume akamwambia kuwa yeye ni mwenye kudhuru watu, na akamwamuru yule Ansari ang'oe mitende. Ing'olewe, na mtende katika Madina ile ndio chakula! Kwa hiyo mti, hata uwe na baraka gani, hauna haki ya kuidhuru nyumba. Mama yangu ni mzee. Ana haki ya kutoka uani asubuhi bila ushungi, akatawadha, akaanika kanga zake, bila mtoto wa mtu kumwangukia kutoka juu ya ukuta. Sitara ya mwanamke ndani ya ua wake si jambo dogo. Nyumba zetu zimejengwa hivyo, baraza mbele kwa wageni, ua nyuma kwa wenyewe.

Kaka, kwa maana hiyo, hakuwa mwovu alipopiga kufuli. Alikuwa anailinda sitara ya mama. Tatizo ni kwamba kufuli halijui kupambanua.

Na upande wa pili kuna Sura ya Qalam. Aya za 17 hadi 33 zinasimulia wenye bustani walioapa kuivuna alfajiri, wakaondoka wakinong'onezana kwamba leo asiingie maskini hata mmoja. Usiku wakiwa wamelala, bustani ilishapitiwa na balaa. Walipoiona walidhani wamepotea njia, kisha wakatambua kuwa ni yao. Wafasiri wengi husema hao walikuwa warithi: baba yao alikuwa na desturi ya kuwaachia maskini fungu lao, akafa, watoto wakapiga hesabu wakaona mzee alikuwa hana akili ya mali. Nimeisoma sura hii mara nyingi bila kujali jambo moja. Bustani ile haikuwa imetelekezwa. Ilikuwa imeiva, imetunzwa, tayari kwa mavuno. Hata yule tajiri wa Sura ya Kahf, aliyesema hadhani kama bustani yake itaharibika abadani, alikuwa na mizabibu iliyozungushiwa mitende, mimea katikati yake na mto ukipita ndani; ubunifu wa mandhari wa hali ya juu kabisa. Sioni mahali katika habari hizo mbili palipotajwa magugu. Yaliyotajwa ni majivuno ya mmoja na mlango uliofungwa wa wengine.

Ndiyo maana nilipowapigia simu ndugu zangu kuwaeleza mchoro, nilikuwa nimeshaamua nitasimama wapi, ingawa sikuwa na uwezo wa kuamua peke yangu. Nyumba haijagawanywa. Mama ana thumni, sisi watoto tuna kilichobaki, mwanamume mara mbili ya mwanamke. Tuko wanaume wawili na mimi. Ifanye nyumba sehemu 40: mama 5, kila kaka 14, mimi 7. Mimi na mama, tunaokaa humo, kwa pamoja tuna 12. Na mkungu hauko kwenye 12 zetu. Uko kwenye 40 zote, shina, tawi na kivuli. Mara nyingi nadhani hii ndiyo sababu ya nyua nyingi mjini hapa kugeuka vichaka, kuliko uvivu au huzuni. Kila mrithi ana kidogo katika kila jiwe, na hakuna mwenye jiwe zima.

Kaka mkubwa alitaka tukate miti, tujenge fremu za maduka zinazoangalia uchochoro. Mdogo wake, aliyeko Maskati, alitaka nyasi. Ananitumia picha za huko: kapeti la kijani katikati ya jangwa, mipira ya maji inazunguka. Kwa fremu nilikuwa na hoja ya mama: yeye ndiye anayeishi hapo, na kelele za fremu hazigawiwi kwa mafungu ya mirathi. Kwa nyasi, yule binti alikuwa amenitangulia. Alisema nyasi za namna ile chini ya mwembe hazitapata jua, na nje ya kivuli zitataka maji kila siku ya kiangazi, kwenye udongo ambao nimeona mwenyewe unavyoyanywa. Mimi nikaongeza yangu. Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, kipimo kisichofika lita moja. Siwezi kutawadha kwa uangalifu huo kisha nikamwaga ndoo kwa ndoo ili nipate kitu cha kukanyaga.

Mama alikuwa na pingamizi la aina nyingine, na ndilo lililonisumbua zaidi. "Pesa ya maua," alisema, "si afadhali ingekwenda kwa mayatima?" Hakuwa akitania. Nilimjibu kwamba mchoro karibu wote ni wa kazi. Maji ya udhu na ya kuoshea mchele yatashuka kwenye mfereji wa matofali hadi kwenye migomba mitatu, maji ya sabuni yatakwenda shimoni. Mchunga na mnavu vimeachiwa tuta lao. Karo limerudi kazini. Kitu kisicho na kazi ni kimoja tu, asumini, na yule binti ameihamishia chini ya dirisha la chumba cha mama kwa sababu ua lake hufunguka magharibi ikiingia na harufu hukaa usiku kucha. Je, hiyo ni israfu? Wapo watakaosema ndiyo. Mimi nasema Ummu Habiba hakuwa na haja ya manukato, alisema mwenyewe, na bado aliyaagiza. Yako mambo tunayofanya ili kukiri kwamba mpaka umefika. Mama alinisikiliza, hakunijibu, na jioni nikamkuta anamwelekeza kijana namna ya kukata vijiti vya asumini vya kupanda: chini ya fundo, kwa mshazari, majani ya chini yapukutishwe.

Kilichobaki ni ukuta, na hapo ndipo penseli ya yule binti ilipofanya kazi ambayo vitabu vyangu vilinifikisha mlangoni tu. Aliusogeza. Ukuta wa zamani ulikuwa unapita nyuma ya mkungu, ukiufungia ndani. Katika mchoro wake unapita mbele ya mkungu, na ule mti, na kipande cha ardhi cha hatua chache kuuzunguka, vinabaki nje, upande wa uchochoro, na baraza fupi ya mawe kulizunguka shina. Ndani, mama ana sitara yake yote na mwembe wake. Nje, watoto wana mawe yao mawili, ambayo ameyachora pale pale yalipokuwa. Nilimuuliza kama ni mzaha akasema hapana.

Nilikwenda kwa sheikh wa msikiti wetu kumuuliza kama tunaweza kutoa kipande hicho. Alisema mali ya ushirika haitolewi na mmoja. Kila mrithi aridhie, aridhie kwa ulimi wake, si kwa kunyamaza. Mdogo wangu wa Maskati aliridhia siku ile ile, kwa sharti apelekewe picha. Kaka alichukua muda. Alinikumbusha bei ya ardhi Ngamiani, na hakuwa amekosea. Mwishowe alisema ardhi ibaki yetu kwa hati, ila matunda na kivuli viwe vya wapitao, thawabu ziandikwe kwa baba. Sheikh alisema inafaa. Mimi ningependa tutoe vyote, lakini nina sehemu 7.

Baada ya hapo akajitokeza jirani. Matawi ya mkungu yamevuka hadi juu ya paa lake, majani yanaziba mfereji wake wa mvua, naye ameyavumilia kwa sababu hakujua amwambie nani katika nyumba ambayo uani hapakuwa na mtu. Haki ni yake. Kwa madhehebu yetu ya Kishafi, tawi likiingia anga ya jirani, ana haki ya kutaka liondolewe, na mwenye mti akikataa anaweza kuliondoa mwenyewe. Yule binti alipita akaweka alama ya chokaa kwenye matawi mawili na kusema mti hautadhurika yakikatwa kabla ya masika. Mama aliomba tungoje kungu ziishe kwanza. Jirani alisema atangoja, ila na yeye anataka kijiti cha asumini, kile kilichoshika mizizi, si cha kujaribu.